Damu ya Mdogo Wangu Imepimwa kwa Jina Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke, maana mimi si mtu wa kuchekwa, pale karakana yetu ya samani naitwa Tingatinga, kabati la milango mitatu nalipandisha mgongoni peke yangu hadi ghorofa ya nne huku napiga mluzi, na siku fahali alipovunja uzio nilimrudisha kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika chai, haikumwagika hata tone. Ila sindano, mshauri, sindano naiogopa, na hili hata mke wangu halijui.

Basi bosi akaamuru kila mtu akapime damu alete karatasi, mimi nikamtuma mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, fundi cherehani, mwembamba kama uzi anaoshonea, akatoa damu kwa jina langu, nikasema huyu hana hata nyama ya kuficha ugonjwa. Nesi akanipigia mimi kwa sababu namba ni yangu, akasema kolesteroli iko juu sana, daktari aonwe upesi, akauliza kama nyumbani kuna aliyewahi kupata shida ya moyo, nikakata simu, maana baba yetu alianguka ghafla akifunga kamba za viatu, akafa papo hapo, ana miaka arobaini na sita, na mdogo wangu sasa ana arobaini na nne. Jioni akaniuliza majibu, mimi kwa aibu nikamwambia, "Safi kabisa, una damu ya mtoto mchanga." Akawatangazia wateja wake wote. Wiki tatu sasa, haumwi popote, anashona, anacheka, anakula vya kukaanga kila siku, na kila nikitaka kumwambia nawaza bosi akijua kazi sina, na mdogo wangu ataniona kaka wa namna gani. Je, haiwezi kushuka yenyewe?

Tingatinga

JIBU

Kaka Tingatinga, habari za fahali nimezisoma, tuziache hapo. Sindano wanaiogopa wengi wenye vifua vipana kuliko wewe, hilo nakusamehe. La kumwambia mdogo wako yuko safi, hapana.

Usingoje ishuke yenyewe. Kolesteroli haiumi wala haiwashi. Mtu anashona na kucheka, huku mishipa inaziba polepole. Ndiyo maana watu hupima wakiwa wazima. Wembamba nao si kinga, kwa sababu kolesteroli nyingine hurithiwa. Na baba aliyeanguka ni baba yako pia. Mko wawili mnaotakiwa kujua, na amepimwa mmoja.

Leo hii nenda kibandani kwake, mteja akitoka, mwambie. Mwende kliniki pamoja, mseme damu ilikuwa ya nani, asije daktari akakuandikia wewe dawa zake. Yeye atapimwa tena, atapewa dawa au masharti ya chakula. Wewe toa mkono, mwambie nesi unaogopa, atakulaza kitandani kidogo, utazame ukutani. Na msiishie hapo: rudini kila daktari atakapowapangia, hata majibu yakiwa mazuri, maana majibu ya mwaka huu hayasemi lolote la mwaka ujao.

Kwa bosi peleka karatasi yako halisi na useme ukweli mwenyewe. Atakufukuza au hatakufukuza, siwezi kukuahidi.

Kwa mdogo wako usianze na hadithi. Sema hivi: "Nilikudanganya. Kolesteroli yako iko juu, na nimelijua hilo wiki tatu." Kisha nyamaza, akufokee mpaka amalize, halafu mfunge kibanda mwende.