Maiti Tulioamshwa na Litungu

Shangazi Bhoke, shikamoo! Nakusalimu kutoka machimboni Tarime, ambako dhahabu bado inanikimbia lakini umaarufu umenikamata. Watu wa runinga wamekuja kurekodi tamthilia ya mizuka ya shimoni, na kati ya wachimbaji wote nimechaguliwa mimi na wenzangu wachache kuwa maiti. Nairobi nimefika, ila cheo kama hiki sijawahi kupewa!

Muongozaji alitaka muziki wa kinanda chake. Tukambembeleza amjaribu Mzee Marwa, mpiga litungu wetu, japo mara moja tu. Tukalala chini tumepakwa majivu.

"Maiti, asitikisike mtu!" muongozaji akaamuru.

Mzee akagusa nyuzi. Shangazi, Mkurya gani atalala litungu likilia? Bega langu la kushoto likaanza kucheza lenyewe, na mara maiti wote tumesimama tunaruka.

Nikajua tumemharibia mzee wa watu. Muongozaji akamwambia, "Mzee, kinanda changu hakijawahi kufufua mtu. Tamthilia nzima utapiga wewe."

Mungu akutunze hapo Mugumu, wewe na ng'ombe zako. Ukiniona kwenye runinga nimekufa, usilie. Niangalie mabega.

Mwanao, Chacha