Simu ya Mama na Jiwe la Mtandao

Jumatatu, Julai 14
Same mjini

Kwako baba, Mzee Eliamini,

Leo upepo wa Same umenitangulia kazini. Vumbi limeingia mpaka kwenye cherehani, na mlima wetu siuoni, umejifunika ukungu tangu jana. Nimeteremka asubuhi kutoka nyumbani kijijini nikiwa na simu ya mama ndani ya kikapu. Moyo ni mzito, na sijashona hata kola moja.

Wanaosoma ukurasa wangu huu hawakujui, kwa hiyo niwaambie kidogo. Baba yangu alifariki mwaka jana wakati wa mvua za vuli, tukamzika nyumbani, nyuma ya migomba. Alikuwa akiongea na simu huku amesimama. Hata kama yuko mezani, ikilia atasimama, atafunga kifungo cha shati, ndipo apokee, kama vile mgeni ameingia mlangoni. Mpaka leo simu ikilia pale nyumbani huwa nageuka kuangalia nani atasimama.

Baada ya msiba, sisi watoto tulichanga tukamnunulia mama ile simu ya kioo kikubwa ambayo kila mtu anaitaka siku hizi. Tulitaka awaone wajukuu. Tulichokuwa hatujui ni kwamba simu ile inauzwa na kampuni moja, na haipokei laini nyingine isipokuwa ya kampuni hiyo. Na mtandao wao kijijini kwetu haufiki majumbani. Unashika sehemu moja tu, kwenye jiwe kubwa lililo mlimani, juu ya kanisa.

Watu wa kwetu hawakulalamika sana. Wenye simu za aina hiyo walijizoesha kwamba Jumapili, ibada ikiisha, wanapanda jiweni. Wanabeba vigoda, wanabeba makande kwenye hotpoti. Kila mtu anaongea na wanawe wa Dar au Arusha, na wote wanasikilizana bila aibu. Mama naye akajiunga nao. Nilikuwa nikimwona kwenye kioo cha simu yangu, mawingu nyuma yake, na sauti ya jirani yetu Mama Anjelina ikiingilia kati:

"Nakunda! Mbona umekonda hivyo? Au cherehani ndiyo inakula na wewe unaangalia?"

Mama anacheka. Tangu tukuzike, baba, kicheko chake nilikuwa nakisikia kutoka jiweni tu.

Halafu Jumapili ya tarehe sita akateleza wakati wa kushuka.

Hakutuambia. Mama Anjelina ndiye aliyenipigia. Mguu ulipinduka, vijana wa kwaya wakambeba kwa kiti mpaka nyumbani. Mganga wa zahanati alisema haukuvunjika, lakini kwa umri ule, mteremko kama ule asiurudie.

Hapo ndipo ugomvi wa kwenye kundi letu la familia ulipoanza. Kampuni ilishatangaza tangu Kwaresima kwamba imekubali kuifungua simu hiyo ipokee laini za mitandao yote. Ukitaka, unaipeleka dukani kwao hapa Same, wanakufungulia ukisubiri. Mama alikuwa akituambia bado anafikiri. Kaka Elifasi aliandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna cha kufikiri. Simu ni mali ya mwenye nayo, aweke laini inayoshika jikoni kwake, aongee ameketi. Mdogo wetu Naeli hakukubali. Alisema simu zote zikifunguliwa, kampuni itasahau kwamba kijiji kile kipo, na mnara tunaoahidiwa kila mwaka hautajengwa. Bora wanakijiji wakae na kiu yao mpaka wenye mnara wasikie.

"Kiu anayo mama, maji unakunywa wewe huko Moshi," Elifasi akamjibu.

Mwisho wote wawili wakasema dada mkubwa apande, akaamue.

Nilipanda Jumamosi. Bodaboda alinishusha chini ya kanisa, nikamkuta mama jikoni akimenya ndizi, mguu ameuweka juu ya gogo, umevimba mpaka kifundo hakionekani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, akaniuliza habari za vumbi. Nilipomtajia habari ya kufungua simu aliendelea kumenya.

"Nikiongea nao humu ndani," alisema baadaye, "watakiona kiti cha baba yenu. Yule mtoto mdogo wa Elifasi ataniuliza babu yuko wapi. Kule jiweni wanaona mawingu."

Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Mimi nilidhani anachokipenda ni simu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupanda mlima ili asionwe nyumbani kwake.

Jana Jumapili hakwenda ibadani, kwa ajili ya mguu. Saa za kutoka kanisani akawa anageuza sikio kuelekea juu, kama anayesubiri kuitwa. Mimi nilikuwa napalilia kaburini kwako, baba. Magugu yalikuwa machache. Nadhani anayang'oa kila siku.

Leo asubuhi alinikabidhi simu akiwa ameifunga kwenye leso. "Wewe ndiye mkubwa. Amua."

Lakini mama akikuambia uamue, si kwamba amekubali. Nimekaa kwenye benchi la duka la kampuni, watu wananipita, na simu bado imo ndani ya leso. Mwisho nikampigia kwenye kile kisimu chake cha tochi cha zamani, ambacho laini yake inashika mpaka jikoni.

"Mama, niambie kwa kinywa chako. Nifungue?"

Nikasikia kuku.

"Kwani Mama Anjelina amefungua ya kwake?"

"Sijui, mama."

"Muulize kwanza. Mimi sitaki niwe wa kwanza kuondoka jiweni. Wale watu hawakuniacha."

Nikampigia Mama Anjelina. Nilimsalimia, nikamwuliza moja kwa moja. Naye, ambaye hajawahi kukosa neno, safari hii alivuta pumzi kwanza.

"Yangu ilifunguliwa tangu Pasaka, mwanangu. Na za wenzangu wote. Naongea na Anjelina nikiwa kitandani kwangu, nimejifunika blanketi."

"Sasa jiweni mnafuata nini?"

"Tunamfuata mama yako. Ungetaka apande peke yake? Baada ya mazishi tulikuwa tukienda kukaa naye pale nyumbani, akawa anajifanya amelala. Lakini jiweni anakuja mwenyewe, tena na kigoda chake. Ndiyo maana tukasema tupande tu." Kisha akashusha sauti. "Usimwambie. Na hiyo simu ifungue. Mguu ule umekwisha, na magoti yangu mimi ndiyo usiyaulize. Mengine tuachie sisi."

Nimebaki na simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Kwetu kuhani msiba kuna siku zake. Watu wanakuja, wanakalia majamvi, matanga yanaanuliwa, kila mtu anarudi shambani kwake. Kumbe wengine hawakuanua. Tangu Pasaka wamekuwa wakipanda jiwe kwa mtandao wasiouhitaji, katika baridi hii ya Julai, ili mjane mmoja asijione mjane. Na sisi watoto wake tulikuwa tukimtumia vocha na kumsifu kwamba anaendelea vizuri.

Nimeona haya. Nimeona pia wivu kidogo, kusema kweli.

Elifasi ana haki, na simu ile haikupaswa kufungwa tangu mwanzo. Mtu akishanunua kitu, asiwekewe mlima wa kupanda ili akitumie. Naeli naye ana haki, kwa maana mnara hautakuja sasa. Lakini walipokuwa wakibishana, hakuna hata mmoja wetu aliyejua jiweni kuna nini.

Nimeingia dukani, nimeifungua.

Msichana wa kaunta alichukua muda mfupi sana. Alinirudishia huku anatabasamu, akasema sasa mama ataweka laini yoyote aipendayo. Nikamshukuru. Nitaituma kesho kwa basi la milimani.

Nilipotoka nikampigia mama, nikamwambia tayari.

"Na wenzangu wa jiweni?" akauliza.

"Wote wamefungua, mama."

Ni kweli. Sikumwambia lini.

Akasema, "Haya, basi. Kama ni wote." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaniuliza kama nimekula, akakata kabla sijajibu.

Tangu hapo nimekaa mbele ya cherehani, sijui kama nimemfungulia mama kitu au nimemfungia. Jumapili ijayo nitapanda, nikae naye mwenyewe, na nione kama wale watu watapata njia nyingine ya kumfikia. Wao walimjua kuliko mimi.

Baba, huko uliko, ukiwakumbuka watu wa nyumbani kwako, nikumbuke na mimi.

Mwanao,
Nakunda