Tundu Moja la Mkono wa Kushoto

Mpendwa Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ile karatasi ya shabaha ambayo Baba ameibandika ukutani ofisini kwake, yenye matundu matano yaliyoingiliana yakawa kama tundu moja, niliipiga kwa mkono wa kushoto.

Najua ungekunja uso. Wewe ndiye uliyenifunga mkono huo kwa ukanda wa kanga kila tulipokaa kula, kule Tanga, mpaka wa kulia ukajifunza. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Wa kushoto una kazi zake, mke mwenzangu, lakini si mbele za watu." Na mimi, kwa haya zangu, sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Tangu nimalize kidato cha nne nipo Guangzhou, huku China, na mwanao. Wiki nzima tunazunguka maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, yeye akipatana bei ya jinzi, mimi nikisimamia mabunda yakifungwa. Jumapili ni ya bunduki. Unakumbuka alivyoipenda ile aliyolindia shamba dhidi ya ngedere. Huku mtu haweki bunduki nyumbani, lakini nje ya mji kuna klabu ya shabaha, nayo imemkabidhi moja ya risasi ndogo, unayoipakia risasi moja moja kwa kuvuta komeo. Inalala kwenye ghala la klabu, ila Baba huiita "yangu," kama ulivyokuwa ukimwita "wangu" paka wa jirani.

Ungemwona angekufurahisha. Yeye na Liang, fundi mzee wa klabu, waliifungua yote. Walimimina gundi ya epoksi ndani ya kitako ili chuma kisicheze. Walikwangua mbao chini ya mtutu mpaka karatasi ikapita katikati bila kukwama, maana mtutu ukiegemea mbao hupeleka risasi upande. Walilainisha kifyatulio. Kisha wakajaribu risasi za kila aina, kwani bunduki hizi huchagua risasi kama mtoto anavyochagua chakula.

Mikononi mwa Baba ikawa inapiga vizuri. Mikononi mwangu risasi zilitawanyika kama mtama. Baba hakunilaumu mimi, aliilaumu bunduki. Akachonga kipande cha mbao cha kuegemezea shavu langu, akakipiga msasa hadi kikateleza kama upawa. Akafupisha kitako kilingane na mkono wangu. Akabadili risasi tena. "Bado kidogo," akawa anasema.

Halafu Jumapili moja alikwenda bandari ya Huangpu, kontena lake lilikuwa linapakiwa, akaniacha na Liang. Bunduki ilikuwa mezani juu ya mifuko ya mchanga. Bila kupanga, nikaiweka bega la kushoto. Bibi, lile duara jeusi la shabaha lilitulia. Sijawahi kuliona limetulia vile. Wa kushoto ukafyatua, na wa kulia, uliofundishwa na wewe, ukavuta komeo na kuweka risasi nyingine bila kuhitaji macho yangu. Sikuuondoa wa kushoto mahali pake hata mara moja.

Liang aliitazama karatasi kwa darubini. Kisha akakigonga kile kipande cha Baba kwa kidole, akaniambia kwa Kichina cha polepole ili nielewe, "Bunduki haina kosa. Shavu liko upande usio wake."

Baba alipoiona karatasi aliichukua akaibandika ukutani. Sasa kila mfanyabiashara anayeingia ofisini lazima aonyeshwe. Juzi mzee mmoja wa Unguja aliisogelea, akasema, "Hii umetoboa kwa msumari, sheikh, usitudanganye."

"Msumari wapi?" Baba akajibu. "Hiyo ni kazi ya kitako changu. Na ya binti yangu huyu."

Akaniangalia. Shuleni nilishawahi kupewa zawadi, lakini sikuwahi kuangaliwa hivyo. Nikainama, nikaendelea kumimina chai.

Jumapili hii klabu ina mashindano ya wanachama, na Baba ameniandikisha. Atasimama nyuma yangu, na amewaalika wenzake. Nikipiga kwa kulia, zitatawanyika, naye atarudi kuilaumu mbao yake isiyo na hatia. Nikipiga kwa kushoto, ataniona nikifanya mbele za watu kile mama yake alichonikataza.

Nimechagua. Jana nilimwomba Liang akihamishe kile kipande upande wa pili. Alikibandua taratibu, hakikuchanika hata kidogo. Ni mbao ileile ya Baba, na inakaa shavuni mwangu kama iliyopimwa. Nataka aone kwa macho yake kwamba alichokitengeneza kilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba mimi pia niko sahihi. Kazi ya wa kushoto nimeipata, Bibi. Kwamba ni ya mbele za watu, niwie radhi.

Ila nakujua, na Baba hukuota mara kwa mara, na asubuhi hunisimulia kila ulichomwambia. Ukimjia kabla ya Jumapili, muulize habari za kontena. Mhimize ale. Hili la mkono mfiche, niachie nimwonyeshe mwenyewe.

Lala pema.

Mjukuu wako, mke mwenzako