Kizimba cha Chinchila Pale Kabiria

Kabiria, Jumatatu

Kwa mwanangu Kibe,

Nani alikufundisha kumweka mnyama kwenye kizimba cha kasuku? Ulikuja Pasaka, ukamwachia mtoto wako yule chinchila wa manyoya mengi mezani, ukasema ni zawadi, ukaondoka chai haijachemka. Mnyama hawezi kuruka, na chini ni waya mtupu unaomkata nyayo. Mimi niliyeishia darasa la tatu nimeliona hilo, wewe mwenye digrii hukuliona.

Baada ya hayo, habari za Kisumu? Mkeo Emmah hajambo? Kifua chake kimepoa? Sisi Mungu anatuchunga, ila goti langu, ambalo wewe huliulizii.

Sasa sikia. Nilidhani huyo ni sungura wa mjini. Nikajaza karai maji nimuoshe. Wajina wangu, mtoto wako Wangu mdogo, akasimama mbele ya karai akasema shosho, huyu akilowa atakufa, yeye huoga vumbi. Nikamuuliza kama vumbi ni sabuni, mbona yeye akitoka kucheza namsugua. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu mlipomwacha hapa mkafuata kazi, Kibe, sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Tukaenda Ngara kwa Chanchal, yule mama anayeuza vyakula vya ndege. Akanitolea vizimba vya plastiki vya rangi rangi. Nikamwambia meno ya huyu mnyama yatavimaliza kabla tufike stage ya matatu. Akasema mama, wewe unaanza kubishana kabla ya kusalimia. Ni kweli. Lakini alinishauri vizuri: kizimba nikiweke mbali na jua na jiko, joto humuua, kiende juu, maana anapenda kuruka, waya usipitishe kidole, na chini pawe mbao. Hata vumbi la kuogea lilitoka kwake.

Kazi ya kizimba nikampa Haron, fundi wa chuma wa hapa karibu. Kiko kwenye chumba chako cha zamani, upande usiopigwa na jua, na kimekaribia dari. Wangu ndiye aliyeamua rafu zikae wapi, zisiachane sana, mnyama asianguke akavunjika. Hatukupaka rangi, maana anaguguna kila kitu. Jioni tunamwekea bakuli la vumbi, na ukimwona akibingirika humo utasahau hasira zako. Kile cha kasuku nimefunikia miche ya sukuma wiki, kuku wasiidonoe.

Sasa umetuma ujumbe kwamba mnahama Kisumu, mmepata nyumba Muthangari, na Jumamosi unakuja na pikapu kuchukua mtoto, mnyama na kizimba. Hukuuliza. Umesema tu.

Wacha nikuambie ukweli usije ukaaibika mbele ya mwenye pikapu. Kizimba hakitoki. Ni kipana kuliko mlango. Haron alikichomelea humo humo chumbani, na usimlaumu, aliniuliza siku ya kuhama itakuwaje, nikamwambia achomelee. Nilijua mtarudi kumchukua mtoto. Nilitaka kuwe na kitu kimoja kwenye hii nyumba ambacho hamtabeba.

Na si mimi peke yangu. Tulipopima mlango, Wangu ndiye aliyeshika upande mmoja wa futi ya kupimia. Hakuuliza kwa nini tunapima. Usiku wa ujumbe wako aliniuliza kama huko Muthangari kuna mtu wa kukaa naye akitoka shule. Swali hilo nakuachia wewe.

Sikunyimi mtoto. Ni wenu, na Emmah namkumbuka kwenye maombi. Mpe salamu zangu, mwambie ndizi zimekomaa.

Pikapu iache huko huko. Jumamosi njooni nyinyi wawili na nguo za kutosha, mlale kwenye chumba hicho cha kizimba, mkimsikia mnyama akiruka usiku, mpaka mtoto mwenyewe aseme yuko tayari. Na kabla hujaja, pitia kwa fundi wa huko Muthangari, umwambie achomelee kizimba kingine ndani ya chumba cha Wangu, kipana kuliko mlango.

Ni mimi mama yako,
Wangu mkubwa