Nilihesabu Badala ya Kusubiri

Ijumaa, Mei 1996. Mvua tangu alfajiri, haijakata.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wazazi, saa kumi na nusu alasiri. Daftari limelowa pembeni. Naogopa. Naogopa hata nahisi nikiiweka chini hii kalamu nitaangua kilio mbele za watu.

Nyuma ya mlango huu yuko binti anaitwa Mwanasiti. Ana miaka kumi na tisa, na hii ni mimba yake ya kwanza.

Akifa, nimemuua mimi.

Kliniki yetu ya Kisauni ina mashine ya kupimia wingi wa damu. Yenyewe haina mahali pa kuonyesha jibu. Imeungwa kwa waya na kompyuta, na ilikuja na programu yake ndogo kwenye disketi. Programu ya Kizungu, skrini nyeusi tupu, inataka uandike amri herufi kwa herufi. Sista aliichukia kama shubiri. Ndipo Daktari akaniomba mimi, karani wa rekodi niliyesoma kompyuta jioni mwaka mmoja kule Changamwe, nimtengenezee kitu cha Kiswahili chenye vitufe.

Nilikitengeneza kwa miezi minne. Jina la mgonjwa, umri, mtaa, na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa PIMA. Lakini kuongea na mashine sikujua, na leo sioni tena haya kulisema. Nilichofanya ni kuichukua ile programu ya Kizungu nzima nzima, nikaifungasha ndani ya disketi zangu na kuificha. Sista akibonyeza PIMA, programu yangu inaiita ile nyingine chini kwa chini: amka, pima, andika jibu kwenye faili, kalale. Kisha yangu inalifungua faili, inachukua tarakimu na kuzichapa kwenye karatasi pamoja na jina la mgonjwa. Watu waliona kazi yangu tu. Sifa nilizila peke yangu, na zilikuwa tamu.

Sasa niliandike kosa langu, nilitazame.

Ukimtuma mtu, unangoja arudi. Programu yangu haikujua kungoja. Ikishaita, inaendelea na safari yake. Namna ya kuifundisha kusubiri sikuijua, na mimi mwenyewe subira sina. Mama yangu husema hata kuzaliwa nilizaliwa kabla ya siku zangu kwa pupa. Basi nikabuni hila. Nikaiambia: ukishaita, hesabu moja mpaka milioni, halafu fungua faili. Kwenye kompyuta yetu kuukuu, kuhesabu huko kulichukua sekunde kama kumi na tano, na mashine humaliza kupima kwa nane. Mwaka mzima haikukosea hata siku moja. Wagonjwa wakiuliza, mimi nawajibu kwa kidevu juu, "Kompyuta haikosei."

Jumatatu hii Daktari akaleta kompyuta mpya.

Hiyo mpya inafika milioni kabla hujapepesa macho mara mbili. Mashine ya damu ni ileile na mwendo wake ni uleule wa kinyonga. Kwa hiyo programu yangu imekuwa ikifungua faili wakati jibu jipya halijaandikwa, na kwa kuwa sikuwahi kuiambia ifute jibu la zamani, inalikuta limelala palepale. Jibu la mgonjwa aliyetangulia. Inalichukua na kulichapa kwa jina la huyu.

Si kwamba sikuijaribu. Niliijaribu Jumatatu hiyohiyo kabla wagonjwa hawajaingia. Nilijidunga kidole. Mara ya kwanza ikatoa karatasi tupu, nikasingizia waya, nikaukaza. Halafu nikajipima mara tatu, na mara tatu ikatoka kumi na mbili nukta moja. Nikamwita Sista aje aone kasi. Mjinga mimi! Damu ni moja, ningejuaje kama jibu ni la sasa au la kabla yake?

Siku nne. Watu arobaini na saba. Kila mmoja ameondoka na damu ya mwenziwe, na wa kwanza kabisa aliondoka na yangu.

Leo saa mbili asubuhi aliingia Katana. Ni mkata mawe wa Mwakirunge, mtu mabega mapana, akiketi benchi linalia. Alikuja Jumatano kwa sababu mnyapara wao alitaka kila mtu apimwe. Karatasi yake ilisema tano nukta mbili. Damu ya tano ni ya mtu wa kubebwa. Mnyapara alipoiona jana jioni akamrudisha nyumbani, asije akaanguka machimboni.

"Dada, nitazame vizuri," aliniambia, akikunja mkono wa shati. "Mimi jana nimepakia lori la mawe peke yangu. Hiyo damu ya tano imepita wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Kompyuta haikosei, kaka."

Hakugomba. Akacheka tu, akaenda kuketi kwenye benchi akasema atangoja apimwe tena. Kicheko kile ndicho kilichonichoma. Nikafungua orodha ya Jumatano nione aliyemtangulia, kwa udadisi tu, ndivyo nilivyojidanganya. Mwanasiti, miaka kumi na tisa, Mwakirunge, mja mzito wa miezi minane na ushei. Karatasi yake ilisema kumi na tatu nukta nane. Aliyekuwa mbele yake alikuwa dereva wa lori.

Nikajidunga kidole nikajipima. Nikachukua kichupa cha damu ya mgonjwa mwingine wa asubuhi, nikapima. Ikatoka kumi na mbili nukta moja. Damu yangu, jina lake.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, maana pengine popote sitaisema. Sikukimbilia kwa Daktari. Nilifunga mlango nikaanza kuirekebisha programu. Nilijiambia nikiitengeneza sasa hivi, nani atajua? Nitasema mashine ilipata unyevu wa mvua. Katana atapimwa upya, atapata kumi na tano zake, atarudi machimboni, mambo yameisha. Nikaandika mistari sita. Futa jibu la zamani kwanza. Ita. Usihesabu chochote, tazama kama jibu jipya limefika, kama halijafika tazama tena. Mistari sita tu, na mwaka mzima nilikuwa nasema haiwezekani.

Ilinichukua nusu saa. Nusu saa hiyo ni ya Mwanasiti na mimi niliiiba.

Nilipokwisha nikajaribu, ikatoka sawa. Programu imepona. Yule binti je? Nikaenda kugonga kwa Daktari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alinawa mikono kwa muda mrefu, kisha akasema, "Jumatano nilimtazama macho yule mtoto, Tima. Nikaona weupe. Halafu nikaiamini karatasi yako."

Akachukua orodha ya watu arobaini na saba, yeye na Sista wakaanza kuigawa kwa mitaa ili wote waitwe. Mimi akaniambia nichukue gari la kliniki na dereva, nimtafute Mwanasiti kwanza. Katana pale bencheni akasikia jina. "Mke wa Bakari?" akauliza. "Mwakirunge humpati. Jana mumewe kampeleka Likoni kwa mamake. Mimba ya kwanza hiyo, atazaa kwao." Akainuka akaingia garini bila kuombwa, akasema nyumba anaijua, harusini alikula hapo.

Pale kivukoni tulikaa foleni, magari mbele yetu hayasogei, na mimi nikajikuta nahesabu magari, nahesabu watu, nahesabu vifungo vya shati la dereva. Katana aliniuliza kama nami ni mgonjwa. Nikamwambia yote pale, kwamba ile tano ilikuwa ya mke wa Bakari na kosa ni langu. Nilimsubiri anitukane, na hilo nalo sikulipata.

Tulifika karibu na adhana ya Ijumaa. Mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Nikapiga hodi. Kimya. Miguu yangu ilitaka kuingia, wallahi, lakini kwa watu huingii hujaitikiwa, na Katana alinishika bega. Nikapiga ya pili. Mvua inanipiga mgongoni. Ya tatu ndiyo iliyoitikiwa, akatoka mama mtu mzima, khanga ya kichwani imelowa, mikono ina sabuni.

"Shikamoo, mama. Natoka kliniki ya Kisauni. Nimemfuata Mwanasiti."

"Marahaba mwanangu. Karibu, yumo ndani. Uchungu umemwanza." Akainua pazia akaita, "Mwanasiti! Umejiwa na mgeni."

"Abee," ikatoka sauti ndani, nyembamba, kama ya mtoto aliye usingizini.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Viganja vyake nilivigeuza, sikuona wekundu hata kidogo. Nikamwambia mama yake tumpeleke hospitali sasa hivi. Akanitazama kwa mshangao, akaingiza mkono chini ya mto akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, isilowe. Karatasi yangu. Kumi na tatu nukta nane.

"Mimi tangu alfajiri namuona hayuko sawa," alisema. "Nilitaka tuondoke. Lakini karatasi yasema damu iko, nikasema labda woga wangu tu. Wenyewe wamesoma, wana mitambo."

Nilimwambia karatasi ile ni ya uongo na niliyeuandika uongo ni mimi. Mama yule aliiweka chini juu ya mkeka, polepole, akaanza kumfunga mwanawe khanga. Katana akambeba hadi garini kama mtu abebaye nguo zilizofuliwa.

Hapa hospitalini wamempima kwa mkono, kwa kichupa na kalamu. Nne nukta tisa, pungufu ya Jumatano. Muuguzi akatoka akasema mtoto yuko njiani, mama hana damu ya kupoteza hata kikombe, na kwenye friji damu ya kundi lake hakuna. Nani atatoa? Nilitangulia mimi, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Wakanipima, kundi langu halimfai. Mama yake naye kundi ni sawa, lakini ana sukari, wakamkatalia. Bakari yuko machimboni Mwakirunge, na dereva amekwenda kumleta. Huko ni mbali na barabara ni tope.

Katana alikuwa amesimama karibu na dirisha, anakamua maji kwenye shati. Akageuka.

"Hiyo damu mliyoniambia sina," alisema, "basi nikampe yeye."

Sikuweza kumtazama usoni. Wamemwingiza ndani kumpima kama kundi lake linalingana, na mlango umefungwa. Ni kama dakika ishirini sasa.

Mama yake Mwanasiti ameketi upande wa pili wa benchi hilihili. Kati yetu pana nafasi ya mtu mmoja. Midomo yake inakwenda, anasoma dua. Hajanilaani wala hajanisamehe. Mara moja alinisogezea ncha ya khanga yake nijifute mvua usoni, kisha akaendelea kusoma.

Jumatatu nitapeleka barua kwa Daktari, afanye atakavyo. Nikibaki au nisibaki, lile neno la kompyuta haikosei halitatoka tena kinywani mwangu. Lakini hayo ni ya Jumatatu, na mimi hofu yangu yote iko nyuma ya huu mlango wa kijani. Nikisikia viatu vya muuguzi moyo unasimama. Vikipita, naona bora vipite, maana hajaja kusema lolote baya.

Muda wote huu ninaoandika, nimejikamata tena nahesabu. Nilikuwa nimefika mia tatu na kumi na kitu, kana kwamba kuna namba nikiifikia, mlango utakuwa na jibu.

Nimeacha. Nangoja kuitwa.