Masharubu ya Ukurasa wa Tisa

Mdogo wangu,

Kifua kimechoka, nakuandikia nikiwa bado naweza kushika kalamu. Nasikia umeuza nyumba ukanunua kitabu kimoja cha katuni, eti nakala safi zimeadimika na bei inapaa, na umekiacha ndani ya plastiki. Mtu mzima unalinda karatasi usiyothubutu kuisoma! Dalali alikuambia, "Mzee, hiki hakijaguswa." Mpumbavu mwenzako.

Mimi ndiye niliyemuuzia. Ni kile chako cha utotoni. Mama hakukichoma; nilikiiba, nikamsingizia, nawe ukamnunia hadi tukamzika.

Huniamini? Pasua hiyo plastiki, bei ife. Ukurasa wa tisa, shujaa ana masharubu uliyomchorea mwenyewe.

Kisha nenda kaburini ukamtake mama radhi. Mimi nitamwomba uso kwa uso, karibuni.

Kaka yako