Ndege ya Anselme

Uvira, Jumamosi usiku

Mama, bado nampenda, hata kama leo alikaribia kuniacha mjane kwa ajili ya bati lenye magurudumu.

Mume wangu Anselme alinunua Bujumbura ndege kuukuu ya kijeshi waliyoiacha Wabelgiji. Jana wavuvi wa ndagala, hawa dagaa wetu, walifunga mitumbwi miwili pamoja, wakavusha mabawa ziwani. Leo wakaleta kiwiliwili. Kufika ufukweni tu, wanajeshi wakamshika Anselme wangu. Tangu maasi yaanze, hawa wanaona muasi hata ndani ya kikapu cha mihogo.

"Iko ya waasi hii!" sajini alifoka.

"Hapana, chef. Iko yangu, ya kutembeza muke."

"Muke gani?"

"Miye hapa," nikasema, nikijitokeza na kitenge cha arusi. Walikuwa wameshamfunga mikono, mikono ile mizuri!

"Basi washa moteur, tuone."

Anselme akainamisha kichwa. Sajini alifungua pua ya ndege: tupu! Wavuvi walikataa kubeba injini, eti mafuta yake yangenukisha mitumbwi na ndagala zisingenunuliwa. Mpenzi wangu aliona haya kuniambia.

Sajini alicheka mpaka akakalia bawa. "Mufungue. Muasi gani anasahau moteur?"

Sasa Anselme anakoroma kando yangu, kamba zimemwachia alama kila mkono. Nimezibusu zote mbili.

Mama, huko Kasenga utasikia mengi. Usiyaamini. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kukusalimu, kwa miguu.